Maarifa ya mkononi ni nini?

Muulize mkulima wa mahindi aliyefundishwa na bwana shamba anapandaje, atakujibu bila kusita: sentimita 75 kati ya mstari na mstari, 30 kati ya shimo na shimo, mbegu moja moja. Jibu hilo linasafiri. Utalituma kwa simu kutoka Uyole hadi Ludewa na likifika halijapungua kitu. Sasa nenda Kilolo ukamuulize mgema wa ulanzi, kinywaji cha maji ya mwanzi, anakata chipukizi la mwanzi kwa unene gani. "Kidogo tu," atasema, na maelezo yameishia hapo.

Hiyo "kidogo tu" ndiyo maarifa ya mkononi: ujuzi ambao mtu anautumia kila siku lakini hajawahi kuutamka. Michael Polanyi, mkemia mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Uingereza, aliandika mwaka 1966 kwamba binadamu anajua mengi kuliko anayoweza kuyasema. Alitoa mfano wa sura. Unamtambua mtu wako katikati ya maelfu, ila ukiulizwa umemtambuaje, maneno hayaji.

Mimi dhana hii niliielewa kwa mjomba wangu, msimu mmoja wa mvua. Alinipa kisu nigeme. Siku ya kwanza nilikata pande nene kama kidole, akanyamaza. Siku ya pili nikaogopa, nikapangusa tu juu juu. Jioni mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachokinga maji, ilikuwa karibu tupu. Ndipo akanishika mkono, tukakata pamoja: kipande chembamba kama ganda la kitunguu, asubuhi na jioni. Ukikata nene unalimaliza chipukizi kabla ya msimu wake. Usipokata, kidonda kinakauka na maji yanaacha kudondoka. Sentensi mbili tu, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuzisema.

Kwa nini? Mjomba alinijibu mwenyewe nilipotoa daftari: "Hilo nalo la kuandika? Kila mtu analijua." Fundi hafichi. Jambo amelizoea hadi halioni tena, na ndiyo maana naamini mwanafunzi ni mwandishi bora wa ujuzi kuliko fundi mwenyewe. Anayejifunza bado anakumbuka alipokosea, na pale alipokosea ndipo msomaji naye atakapokosea. Kama umejifunza jambo mwezi uliopita, andika sasa. Mwakani utakuwa umeshaanza kusema "kidogo tu".

Si kila kitu kitaingia kwenye maandishi. Uzito wa kisu hauandikiki, na hata nikieleza kurasa kumi bado utahitaji msimu wa kujaribu. Lakini mwenye maelezo anaanza pale nilipofika mimi siku ya tatu, na hizo siku mbili ni machipukizi yaliyopona. Hivyo hivyo kwa vinyungu, bustani zetu za mabondeni za kiangazi: mama anaonja unyevu wa udongo kwa vidole akajua leo asimwagilie. Watoto wake wako Makambako na Dar es Salaam. Vidole hivyo vitamrithisha nani, kama hakuna aliyekaa naye akamuuliza anahisi nini?

Na uandike kwa maneno ya kazi yenyewe. Ulanzi mtamu wa asubuhi ni mtogwa, uliochachuka ni mkangafu. Ukiandika "kinywaji" kote, umeshapoteza nusu ya ulichofundishwa.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea mjomba yote, kuanzia kisu hadi kukinga. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akanikatiza. "Hujaandika kuosha mbeta." Sikujua kama anaiosha. Kumbe masalia ya jana yakibaki ndani, mtogwa unachachuka kabla hujafika nyumbani. Nikamwomba anisubiri nichukue kalamu.