Majira ya Kirinyaga, nikiyatazama kutoka Kasarani

Leo alfajiri nilipanda paa la ploti yetu hapa Kasarani kuanika nguo, nikamkuta jirani yangu amesimama kimya, beseni kiunoni, akitazama kaskazini. "Daktari," akaniuliza, "kile cheusi chenye meno ni nini?" Nikamwambia ni Mlima Kenya, Kirinyaga kwa Kikuyu. Amekaa Nairobi miaka kumi na miwili na hakuwahi kuuona. Tukautazama pamoja, nguo zikisubiri. Ilipofika saa moja na nusu ulikuwa umezama kwenye vumbi na moshi wa Thika Road.

Mimi ni mtafiti wa mimea, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa ndani ya mbuga ya mlima huo, kule juu miti ya msitu inapokoma. Nikitaja kazi yangu, karibu kila mtu huniuliza swali moja: niende mwezi gani? Mimi huanza na saa kabla ya mwezi.

Mlima huu umekalia ikweta, kwa hiyo hauna miezi ya joto na miezi ya baridi kama milima ya Ulaya. Majira yake hugeuka kati ya asubuhi na jioni. Wanabotania husema kule juu ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku, na ukilala mara moja tu penye mita 4,200 utakubali. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake haraka. Kingo za vijito huganda, na udongo wenyewe huinuliwa na sindano nyembamba za barafu zinazovunjika chini ya kiatu kama chumvi ya mawe. Jua likitoka, sindano hizo huyeyuka upesi. Kufikia saa nne, mabonde yaliyopata joto huanza kuvuta hewa yenye unyevu kutoka msituni. Utaliona wingu likipanda hatua kwa hatua: mianzi, kisha miti ya hagenia yenye ndevu za kuvumwani, kisha nyasi za juu. Saa sita vilele havionekani tena. Mchana huja mvua ya mawe au theluji, na jioni hewa baridi huteremka ikiyarudisha mawingu chini. Ndiyo sababu wanaokwenda kilele cha Lenana, mita 4,985, huondoka kambini saa nane au saa tisa usiku.

Sasa fikiria mmea ulioota mahali hapo, usioweza kushuka bondeni kutafuta blanketi. Kuna lobelia ya majimaji, ile fupi ya duara kama kabichi kubwa, ambayo hutunza maji kati ya majani yake. Usiku maji hayo huganda juu tu. Chini yanabaki maji, na kichipukizi kilichozama humo hakiumizwi na baridi. Kuna senesio kubwa, mti wenye kichwa cha majani mapana, unaozidi kimo cha mtu mara kadhaa. Majani yake yakifa hayaanguki. Hubaki yamefunika shina kama koti zito, na shina likivuliwa koti hilo mti hudhoofika na hata kufa. Nawasihi wageni wasiyang'oe ili kuwashia moto. Nimeona mashina yaliyovuliwa kando ya njia, na yananiuma.

Senesio hiyo ndiyo kitabu changu cha historia. Hupita miaka mingi bila ua lolote, kisha mwaka mmoja miti ya bonde zima huchanua pamoja, njano tupu. Kila tawi lililochanua hugawanyika. Kwa hiyo ukisimama chini ya mti mzee na kuhesabu panda, kutoka shina hadi kwenye majani, unahesabu ni mara ngapi umechanua tangu uote. Mara ya kwanza mwalimu wangu aliponionyesha jambo hili nilikaa chini ya mti mmoja hadi wingu likatufunika. Ulikuwa na panda za kutosha kunifanya niamini ulikuwepo kabla babu yangu hajazaliwa.

Basi, mwezi. Masika hushika kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari ndiyo miezi ya anga safi kuliko yote, kisha Julai hadi Septemba, ingawa watu wa Nairobi hawaamini, kwa sababu huku kwetu Julai ni wingu la kijivu na makoti. Wingu hilo mara nyingi liko chini. Ukilipita unatokea kwenye jua. Upande wa mashariki, Chogoria na Embu, hupata mvua nyingi zaidi kuliko Sirimon kaskazini, ambako nyasi hukauka mapema. Vilele vyenyewe viko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua huhama kutoka upande mmoja hadi mwingine, na wapanda miamba wanajua maana yake: kati ya Desemba na Machi jua hukausha kuta za kusini huku za kaskazini zikishika barafu, kuanzia Juni mambo hugeuka.

Msidhani masika ni majira mabaya. Mimi hupenda Aprili, matope yakiwa magotini. Ndipo lobelia huonekana zikiwa zimejaa, na mito ya Thiba na Nyamindi hushuka kwa kishindo kuelekea mashamba ya mpunga ya Mwea. Pishori tunayopika Jumapili hapa mjini ilinyweshwa na mvua ile.

Historia ya mlima nayo inasomeka kwa majira. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf aliuona kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, wingu lilipofunguka, na wasomi wa Ulaya wakamkatalia kwamba theluji inaweza kukaa ikwetani. Miaka hamsini baadaye, 1899, mwanajiografia Mwingereza Halford Mackinder aliondoka Nairobi na msafara wake wakati reli ilikuwa ndiyo kwanza imefika hapa. Aliandamana na Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia, katika nchi iliyokuwa ikiteswa na njaa. Tarehe 13 Septemba, katika kiangazi, alifika Batian, kilele cha juu kuliko vyote, mita 5,199, pamoja na waongozaji wake wa milimani, César Ollier na Joseph Brocherel. Kilele hicho kina jina la Mbatian, laiboni, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wamaasai. Lenana ni jina la mwanawe. Majina ya wale wapagazi hayajaandikwa juu ya jiwe lolote kule, na mimi kila nikipita huwafikiria: baridi ile, na mavazi waliyokuwa nayo.

Mbuga ilitangazwa 1949. Miaka michache baadaye msitu ulio chini yake ulikuwa makazi ya wapiganaji wa Mau Mau, waliokuwa chini ya Jenerali China, wakivumilia masika mawili na zaidi ndani ya mianzi. Usiku wa Uhuru, Desemba 1963, mpanda milima Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya juu ya mlima.

Kirinyaga, jina la Wakikuyu, wazee wengi hulifasiri kwa nyaga, yaani mbuni, kwa ule weusi na weupe wa manyoya ya dume. Wakamba husema Kiinyaa. Kirimaara ya Wameru na Ol Doinyo Keri ya Wamaasai pia huzungumzia madoa na michirizi. Makabila manne yaliyotazama kutoka pande nne yaliona kitu kimoja, nyeupe juu ya nyeusi. Mackinder alikuta mito ya barafu 18. Ule mkubwa kuliko yote, Lewis, ulipoteza asilimia 90 hivi ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na nilipopita kando yake mara ya mwisho nilikuta vipande vya kijivu vilivyofunikwa changarawe. Jirani yangu leo ameona cheusi chenye meno. Mama yake, kama angalikuwa juu ya paa hili akiwa msichana, angeuliza kuhusu cheupe.

Januari napanda tena kupitia Sirimon. Kuna lobelia ndefu za manyoya nilizozifungia vibao miaka mingi iliyopita, zile zinazochanua mara moja tu maishani kisha zikafa. Safari iliyopita moja ilikuwa imeanza kurefuka katikati, dalili kwamba inakaribia kuchanua. Nataka niwepo ndege chozi, wale wanaofyonza nekta ya maua, watakapoipata.