Soko Likiyumba, Nani Aumie? Kupanga Malipo ya Wauzaji

Muuzaji akifunga mwezi na vipande 70 badala ya 100, namba hiyo peke yake haikuambii alijituma kiasi gani. Huenda alizembea. Huenda pia mshindani alishusha bei, mzigo ulichelewa, au mteja mkubwa aliahirisha kununua. Mwajiri huyaona matokeo, jitihada haioni. Ugumu wote wa kupanga kamisheni umeanzia hapo.

Tuwatazame wauzaji wawili wanaotarajiwa kuuza vipande 100 kwa mwezi. Wa kwanza hana mshahara, hulipwa pointi 1 kwa kila kipande. Wa pili ana mshahara wa msingi wa pointi 60, na kamisheni ya pointi 0.4 kwa kila kipande. Mwezi wa kawaida kila mmoja hupata 100. Soko likianguka na wakauza 50, wa kwanza anabaki na 50, wa pili na 80. Kodi ya nyumba haishuki pamoja na soko. Kampuni ina wauzaji wengi, eneo moja likidorora jingine huziba pengo. Muuzaji ana kipato kimoja tu. Ukimtwika hatari yote, atadai malipo makubwa zaidi, au ataondoka siku atakapopata kazi yenye uhakika. Kwa hiyo msione kamisheni tupu ina gharama ndogo.

Nadharia husema soko likizidi kuyumba, mshahara ukue na kamisheni ipungue. Tafiti za mikataba halisi hazikuthibitisha hilo kila mara, na sababu mojawapo inaeleweka: pale mambo yasipotabirika, makao makuu hayajui muuzaji afanye nini, hivyo humwachia uamuzi na kumlipa kwa matokeo. Mimi huwauliza waajiri kwanza: je, muuzaji anaweza kutumia ujuzi wake kukabili mabadiliko haya, au yanampiga tu kama mvua? La kwanza lilipie kamisheni. La pili libebe wewe mwenyewe.

Kuyatenganisha kunawezekana. Mwaka 1979 Bengt Holmström, ambaye mwaka 2016 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi na Oliver Hart, alionyesha kwamba kipimo chochote kinachoongeza habari kuhusu jitihada kina thamani katika mkataba. Basi mlinganishe muuzaji na wenzake wa soko hilohilo. Wote wakishuka kwa asilimia 30, hilo ni soko. Akishuka peke yake, kaa naye mzungumze.

Kosa linaloniuma zaidi ni bonasi ya kizingiti: ukifika 100 unalipwa, ukiishia 99 hupati kitu. Tarehe 28 jioni, muuzaji mwenye 96 anampigia mteja simu na kumsihi achukue leo mzigo aliokuwa ameupangia mwezi ujao, na ili akubali anampa punguzo ambalo mteja hakuliomba. Mwenzake mwenye 60 ameshakata tamaa. Oda iliyoko mkononi mwake anaikalia hadi tarehe 1. Hakuna aliyevunja mkataba hapo, mkataba wenyewe ndio uliowafundisha. Mwaka 1987 Holmström na Paul Milgrom walieleza ni katika mazingira gani malipo yanayopanda kwa kiwango kimoja tangu mwanzo hadi mwisho ndiyo yanayofaa zaidi. Kipande cha 40 kikilipwa sawa na cha 140, kusogeza oda hakuna faida.

Pia usimwadhibu aliyefanya vizuri. Akiuza 130 kwa mwezi mwaka huu, nawe ukamwekea 130 kuwa lengo la mwaka ujao, timu nzima itajifunza kuishia 105.

Lengo kali la kitu kimoja huharibu vingine. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 kwa sababu wafanyakazi waliobanwa na malengo ya mauzo walifungua akaunti ambazo wateja hawakuziidhinisha. Sehemu ya kamisheni na isubiri hadi ionekane kama mteja amelipa na amebaki.

Kabla ya kusaini, toa rekodi za mauzo za miezi 24 iliyopita, pitisha kila mwezi kwenye fomula mpya, kisha utazame mwezi mbaya kuliko yote: muuzaji wa kawaida angeondoka na kiasi gani? Kama hakimtoshi kuishi, irudisheni fomula mezani, na yeye awepo.