Ng'ombe ufukweni, mayai mchangani

"Ng'ombe wakiondolewa kabisa kando ya ziwa, ndege watajaa."

Inategemea ndege gani. Chekeamwezi, yule anayelialia usiku, hutaga yai moja au mawili juu ya mchanga au udongo mtupu, pengine karibu na kinyesi kikavu cha mnyama. Anapenda pawe peupe, amwone adui angali mbali. Nyasi zikifika magotini, anahama. Kwake ng'ombe wachache ni mafundi wa kufyeka. Ndege wa kwenye mafunjo ni habari nyingine: mifugo ikiingia kula machipukizi, wamekosa nyumba.

"Ndege ana akili, ataweka kiota mahali ng'ombe hafiki."

Hili nalisikia sana hapa Mwanza, na huniudhi. Wengi wa ndege hawa wa mchangani hawajengi kitu. Wanaparura kishimo tu, basi. Yuko mdogo wa jamii ya kitwitwi anayefukia mayai yake kwa mchanga kabla ya kukimbia. Kunguru anadanganyika. Kwato haidanganyiki. Kundi lililotawanyika malishoni hukanyaga hapa na pale, lakini kundi hilohilo likishuka kunywa maji kwa njia moja kila mchana, kwenye njia hiyo haliponi yai. Na hata yasipokanyagwa, mama akifukuzwa akakaa mbali, jua la saa saba linayachemsha, au mbwa aliyefuatana na mchungaji anayanusa.

"Ng'ombe ni walewale, kwa hiyo hakuna kilichobadilika."

Uwanja umebadilika. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kufikia rekodi ya 1964, na sehemu nyingi za ufukwe zikamezwa. Upande wa juu kuna mpunga na bustani za nyanya. Ng'ombe walewale sasa wanabanana kwenye ukanda mwembamba, pamoja na mayai.

"Mbona yangeyange wamejaa?"

Yangeyange anafuata panzi wanaorushwa na miguu ya ng'ombe. Yeye anatagia juu ya miti. Usimhesabu hapa.

Kwetu Usukumani tunajua kufunga malisho: ngitiri, yaani malisho yaliyotengwa, inafungwa wakati wa mvua, inafunguliwa kiangazi nyasi zikiisha kwingine. Mayai ya chekeamwezi huanguliwa kwa takriban wiki tatu na nusu. Kipande cha mchanga chenye mayai kingefungwa muda huo tu, ng'ombe wakanywe maji hatua mia kutoka hapo.