Ndui kama silaha: tunayoyasikia mnadani na yaliyo kweli

Jumamosi iliyopita mnadani Msalato, kati ya moshi wa nyama choma na vumbi la mbuzi, kijana mmoja alitufungulia ujumbe wa sauti uliomfikia WhatsApp. Msemaji alikuwa na sauti nzito ya mtu anayejiamini. Alidai ndui imefufuliwa maabara, imetiwa kwenye chupa, na Dodoma imo kwenye orodha kwa sababu ndiyo makao makuu. Pale kwenye benchi tulikuwa watano. Wanne hatukuwahi kuiona ndui. Wa tano, babu mmoja kutoka upande wa Mvumi aliyeleta mbuzi watatu, aliugua akiwa mtoto, na mashavu yake bado yana vishimo. Hakusema kitu. Aliendelea na mfupa wake.

Mimi ni bwana mifugo, si daktari wa watu. Lakini magonjwa ambayo binadamu ameyafuta kabisa duniani ni la watu moja na la ng'ombe moja, kwa hiyo nusu ya mazungumzo haya ni ya kwangu.

Dhana: Magonjwa yaliyotokomezwa ni mengi: ndui, tauni, kimeta, ukoma, polio.

Ni mawili tu. Ndui ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imekwisha Mei 1980, na sotoka ya ng'ombe ikafuata mwaka 2011. Polio imebanwa lakini haijaisha. Ukoma bado unatibiwa. Tauni iliwasumbua watu wa Lushoto kwa miaka mingi kuanzia 1980, na kimeta kinaweza kulala ardhini miongo kadhaa kikisubiri ng'ombe wa kula nyasi za pale.

Watu huyachanganya kwa sababu habari za silaha huyataja kwa pumzi moja. Na ni kweli kwamba barua zenye unga wa kimeta zilizotumwa Marekani mwaka 2001 ziliua watu watano. Lakini kimeta kina dawa kwenye duka la hospitali, na wapo wataalamu wanaokutana nacho kazini. Hatari ya ugonjwa uliokwisha ni ya namna nyingine: karibu wote waliowahi kuutambua kwa macho wamestaafu au wamezikwa. Muuguzi wa zahanati leo akiona malengelenge atasema tetekuwanga, na hatakuwa amekosea, maana hajawahi kupewa sababu ya kufikiri vingine.

Dhana: Sotoka iliyomaliza ng'ombe wa Ugogo ililetwa na wazungu kwa makusudi.

Hii naisikia hata kwa wasomi, na naelewa inakotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ng'ombe walikufa kwa kiwango ambacho mfugaji wa leo hawezi kukiwaza. Katika maeneo mengi walibaki mmoja au wawili kati ya kumi. Wamasai wana jina la kipindi kile, Emutai, kumalizika kwa kila kitu, kwa sababu sotoka ilikuja ikafuatana na ndui na njaa. Mjerumani naye akaingia wakati huohuo, akakuta watu hawana maziwa, hawana mahari, hawana nguvu ya kupigana. Ukiyatazama yanavyopangana, unasema lazima palikuwa na mpango.

Ila njia ya ugonjwa wenyewe inajulikana. Ulishuka na ng'ombe walioagizwa kulisha jeshi la Italia huko Massawa, Eritrea, karibu mwaka 1887, ukatembea na mifugo na nyati kuelekea kusini mpaka ukafika Afrika Kusini mwaka 1896. Hakuna ushahidi kwamba mtu aliupanda. Wakati ule hata hao wakoloni hawakujua ni kirusi gani, na ng'ombe wao walikufa vilevile. Walinufaika, hilo halina ubishi. Kunufaika na msiba na kuutengeneza ni mambo mawili.

Waliokuja kuifikiria sotoka kama silaha ni kizazi kingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani na Kanada ziliogopa adui angeitupa kwenye ng'ombe wao, zikajenga maabara ya siri kwenye kisiwa cha Grosse Île, Quebec. Kwa upande wa sotoka, kilichotoka humo ni chanjo.

Nilikosomea, pale Mpwapwa, walimu wetu walikuwa bado wanasimulia kampeni za chanjo za mwaka 1997, sotoka ilipovuka kutoka Kenya ikaingia kaskazini mwa nchi. Leo ng'ombe hachanjwi tena sotoka popote duniani. Ndiyo maana sampuli zilizobaki maabara zinahesabiwa kwa jicho kali. Mwaka 2019 taasisi ya Pirbright ya Uingereza ilisoma vinasaba vya sampuli zake zaidi ya 3,000 kisha ikaziteketeza.

Dhana: Kirusi cha ndui kimefungiwa sehemu mbili tu, kwa hiyo tulale.

Rasmi ni sehemu mbili kweli: Atlanta, Marekani, na Koltsovo karibu na Novosibirsk, Urusi. Kwa miongo sasa nchi wanachama wa Shirika la Afya zimekuwa zikibishana kama akiba hizo ziteketezwe, na kila mara tarehe imesogezwa.

Shida ni kwamba rasmi si yote. Julai 2014 wafanyakazi waliokuwa wakisafisha chumba cha baridi huko Bethesda, Marekani, walikuta vichupa vya ndui vya mwaka 1954 vilivyosahauliwa ndani ya boksi. Viwili vilikuwa bado na kirusi hai. Urusi nayo ina hadithi yake. Wasovieti waliutia saini mkataba wa 1972 unaokataza silaha za kibiolojia, kisha wakaendelea nazo kwa siri, ndui ikiwemo. Ken Alibek, aliyekuwa kiongozi ndani ya mradi ule, alihamia Marekani mwaka 1992 akaeleza. Na mwaka 2017 ilijulikana kwamba wanasayansi wa Kanada walikuwa wameunda upya ndui ya farasi, ndugu wa ndui ya watu, kutokana na vipande vya vinasaba vilivyotengenezwa maabara. Hata majokofu yote mawili yakichomwa kesho, maandishi ya kirusi yenyewe yanajulikana.

Kwa hiyo yule msemaji wa WhatsApp hakutunga kila kitu. Tishio linazungumzwa na watu wazima wenye akili zao. Alichotunga ni chupa, orodha na Dodoma.

Na mtu wa mwisho kufa kwa ndui hakuuawa na adui. Janet Parker, mpiga picha wa chuo cha tiba Birmingham, Uingereza, alifariki Septemba 1978, baada ya kirusi kutoka kwenye maabara iliyokuwa ghorofa ya chini yake.

Dhana: Kovu la begani linanikinga.

Hapana. Kovu walilonalo vijana wengi ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Wanaoweza kuwa na kinga ya ndui ni waliochanjwa kabla ya chanjo ile kusitishwa, na hata hao imepungua kwa miaka. Babu wa Mvumi, aliyeugua akapona, ndiye pekee kwenye benchi letu ambaye ningeweka dau juu yake.

Dhana: Mpox ndiyo ndui imerudi.

Ni binamu. Mpox, iliyothibitishwa hapa nchini Machi 2025, inaishi pia kwa wanyama wa porini, ndiyo maana ni vigumu kuifuta. Ndui haikuwa na mnyama wa kujificha. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati yetu kubwa.

Dhana: Ugonjwa ukizuka bila jina, ni silaha.

Wenyeji wa Chemba na Kondoa wanaujua uchungu wa dhana hii. Mwaka 2016 watu walianza kutapika, matumbo yakavimba, macho yakawa ya njano. Takriban 20 walifariki, Dodoma na Manyara. Maneno yakawa mengi: sumu, uchawi, kitu kimemwagwa. Wataalamu walipopima wakakuta sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye mahindi yaliyohifadhiwa nyumbani. Adui alikuwa kwenye kihenge.

Januari 2025 ilipotangazwa hapahapa Dodoma kwamba Marburg imeingia Kagera, Rais Samia akiwa na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, ujumbe wa silaha ukazunguka tena. Marburg ni ugonjwa unaotoka kwa popo.

Bila kuombwa, nitasema hivi: mtu akitupa ndui kweli, atakayeigundua si mpelelezi. Ni mhudumu wa afya wa kijiji anayepiga 199, namba ya simu ya Wizara ya Afya, kwa sababu ameona upele usio wa kawaida. Ni simu ileile ambayo ingepigwa kwa ajili ya kipindupindu. Watu wakishazoea kuamini kwamba kila ugonjwa ni njama, simu hiyo haipigwi. Wanaficha wagonjwa.

Dhana: Ikitokea, hakuna wa kupona.

Ndui iliua karibu watatu katika kila kumi. Ni kiwango cha kutisha, lakini saba walibaki. Haikusambaa kama moshi. Mgonjwa kwa kawaida aliambukiza baada ya homa na upele kuanza, na zaidi watu waliokaa naye karibu. Ndiyo maana mwaka 1966, chanjo zilipokuwa chache mashariki mwa Nigeria, daktari Mmarekani William Foege na wenzake waliacha kuchanja kila mtu, wakatafuta mgonjwa na kuwachanja wanaomzunguka. Ugonjwa ulikatika. Chanjo ikitolewa ndani ya siku nne hivi baada ya kukutana na mgonjwa, bado inaweza kuokoa. Shirika la Afya lina akiba ya dharura, na tangu 2018 ipo dawa iliyoidhinishwa Marekani, tecovirimat, ingawa kwa binadamu mwenye ndui haijawahi kujaribiwa, maana hayupo.

Haya niliyasema pale benchini, kwa ufupi zaidi na kwa kukatizwa sana. Kijana alifuta ule ujumbe, au alisema amefuta. Babu akanawa mikono, akauliza kama sotoka yangu hiyo ndiyo ile ya mbuzi.

Nikamjibu hapana, babu, ile ya mbuzi na kondoo ni nyingine, na ipo, na chanjo yake ipo pia.

"Basi njoo umtazame huyu wangu mwekundu," akasema. "Tangu jana kamasi zinamtoka nzito, na mdomo unanuka."

Nikainuka, nikamwambia kijana amshike yule mbuzi mbali na wenzake.