Dishi Pekee Halitoshi: Mawasiliano ya Setilaiti Katika Uokoaji wa Maeneo ya Mbali

Vikosi vya uokoaji vinapoingia mahali pasipo na minara ya simu, siku hizi dishi la setilaiti ni miongoni mwa vitu vya kwanza kushushwa kwenye gari. Ni jambo jema. Tatizo huanza pale watu wanapoona intaneti imewaka kambini wakadhani suala la mawasiliano limekwisha. Dishi linaiunganisha kambi na dunia. Halimfikii mwokoaji aliye bondeni kilomita kadhaa kutoka hapo. Huyo bado anategemea redio ya mkononi ya VHF (masafa ya juu sana), na mara nyingi ripita, yaani kifaa cha kupokea na kurusha upya mawimbi, iliyopandishwa kilimani. Kikosi kinachoacha redio kwa sababu kina intaneti kimejiziba masikio.

Setilaiti zenyewe hazifanani. Zile za mtandao wa Inmarsat ziko juu ya ikweta, kwenye kimo cha kilomita 35,786, zikizunguka sawia na dunia, hivyo antena ikishaelekezwa hubaki ilivyo. Lakini umbali huo hauji bure. Mawimbi kupanda na kushuka huchukua takriban robo sekunde, na swali pamoja na jibu lake nusu sekunde; ndiyo maana wazungumzaji hukatizana kauli. Tena, kadiri unavyokuwa mbali na ikweta ndivyo setilaiti hiyo inavyoonekana chini zaidi angani, na ukingo mmoja wa mlima unatosha kuiziba.

Mtandao wa Iridium una setilaiti 66 zinazopita kwenye kimo cha kilomita 780 hivi, kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine, kwa hiyo hufika hata huko kwenye barafu. Setilaiti nyingi za Starlink, mtandao wa intaneti, zinazunguka karibu na kilomita 550, na kasi yake ya data ni kubwa mno ukilinganisha. Ila setilaiti zinazotembea zinadai anga pana: kwenye korongo jembamba au chini ya miti, mawasiliano hukatika na kurudi. Mvua kubwa nayo hudhoofisha masafa ya juu ya mawimbi (frikwensi) yanayotumiwa na madishi ya kasi, ilhali masafa ya chini ya simu za Iridium huistahimili vizuri. Kwa maoni yangu kambi iwe na njia mbili: moja ya kasi, na nyingine ya polepole lakini inayofika.

Njia hiyo ya polepole inataka ubahili, na hapa ndipo mafunzo mengi yanapopwaya. Simu ya kawaida ya Iridium hupitisha data kwa kilobiti 2.4 kwa sekunde. Picha ya megabaiti 4 iliyopigwa kwa simu ya mkononi ingechukua zaidi ya saa tatu na nusu kupita hapo. Ipunguze hadi kilobaiti 40 na itapita kwa dakika mbili na ushei. Ujumbe wa maandishi wenye herufi 160 hauhitaji hata sekunde nzima, ukiacha muda wa kuunganisha. Basi maandishi yatangulie: nani, yuko wapi, hali yake, kinachohitajika. Ramani zipakuliwe kabla ya kuondoka. Na hata dishi likiwa la kasi, zima programu zinazojisasisha na simu zinazopakia picha zenyewe. Simu ishirini za wanakikosi zikiunganishwa kwa pamoja, taarifa ya mgonjwa itasubiri foleni nyuma ya video za watu.

Mahali pa mwathirika paandikwe kwa mtindo mmoja uliokubaliwa. Kwa mfano, latitudo ya nyuzi 3 na dakika 4.5 ni sawa na nyuzi 3.075, kwa kuwa kila nyuzi ina dakika 60. Mtu akizisoma kama 3.045, ameihamisha helikopta zaidi ya kilomita tatu.

Umeme nao hausamehi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Dishi linalokula wati 75 lingekaa saa 16 kwenye karatasi. Kwa betri ya madini ya risasi, kama ya gari, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, ni saa 8. Bado hujachomeka kompyuta.

Kwa msafiri wa kawaida, kifaa cha dharura cha masafa ya megahezi 406 hakihitaji intaneti wala malipo ya kila mwezi. Mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovieti, ndio unaopokea ishara yake, na setilaiti zake ziliwezesha uokoaji wa kwanza mwaka 1982. Kila kifaa kina namba yake, lakini namba hiyo haisemi mengi ikiwa hakikusajiliwa. Ukikinunua kwa mtu, badilisha usajili siku hiyohiyo, la sivyo waokoaji watampigia mmiliki wa zamani, aliyelala salama nyumbani kwake.