Mashine ya Kufyekea Majani ya Betri: Soma Wati-saa Kabla ya Volti

Wengi wanaonijia wakitaka kuachana na mashine ya petroli ya kufyekea majani huanza na swali la volti: je, ya volti 20 inatosha, au nitafute ya 40? Ni swali la haki, kwa kuwa volti ndiyo namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini haikuambii mashine itafanya kazi kwa muda gani, na ikiwa peke yake haikuambii hata ina nguvu kiasi gani. Mimi ni fundi wa mashine ndogo za bustani hapa Dar es Salaam, na karakana yangu imezoea kabureta kuliko saketi, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa si maneno ya mtu mwenye chuki na petroli. Ninachotaka msomaji akielewe ni kwamba kwenye mashine za namna hii unanunua betri kwanza, mashine baadaye.

Tuanze na kazi ambayo injini ya petroli ilikuwa ikiifanya. STIHL FS 55, ambayo mafundi wengi wanaifahamu, ina injini ya sentimita za ujazo 27.2 na hutoa kilowati 0.75, FS 250, yenye sentimita za ujazo 40.2, hutoa kilowati 1.6. Nguvu hiyo hupatikana pale tu injini inapofunguliwa mafuta hadi mwisho, na majani mengi ya uwanja wa nyumba hayahitaji hata nusu yake. Mota ya umeme huvuta kwa nguvu tangu mzunguko wa kwanza, haisubiri klachi ishike, wala haili chochote unapotembea kutoka mti mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana mashine ya betri ya wati 500, ukiishika mkononi, haionekani dhaifu kama mtu angedhani kwa kulinganisha namba za karatasi. Kwenye ukoka uliofyekwa wiki mbili zilizopita, mashine ya uzi wa nailoni hula takriban wati 300 hadi 400. Kwenye majani ya masika yaliyofika magotini, tena yakiwa na umande, inaweza kula mara mbili ya hapo.

Ukishajua mashine inakula wati ngapi, kinachobaki ni kujua betri imebeba kiasi gani, na hesabu yake ni rahisi: zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, yaani wati ngapi betri inaweza kutoa kwa saa moja. Betri ya volti 18 na ampea-saa 4 ina wati-saa 72. Ya volti 36 na ampea-saa hizo hizo ina wati-saa 144. Mashine inayokula wastani wa wati 350 itaimaliza ya kwanza kwa dakika kama 12 na ya pili kwa dakika kama 25. Volti 20 za kwenye maboksi ni zile zile 18, kwa sababu betri hizo zina seli 5 (betri ndogo ndogo za ndani) zilizofuatana, kila moja ikiwa na volti 3.6 za kawaida na 4 hadi 4.2 inapokuwa imejaa. Vivyo hivyo 40 ni 36, na 56 za chapa ya EGO ni seli 14 ambazo kwa kawaida hukaa kwenye volti 50.4. Huu si wizi, ni namna ya kupima tu, lakini anayelinganisha boksi la 18 na boksi la 20 ajue kwamba analinganisha kitu kimoja. Faida halisi ya volti kubwa ni kwamba wati zile zile hupita kwa mkondo mdogo zaidi, hivyo nyaya, swichi na seli hazipati joto sana kazi inapokuwa nzito.

Wizi upo kwingine. Kuna mashine nyepesi za rangi kali, zenye mpini mwembamba na visu vidogo vya plastiki au bati, zinazouzwa kwa wingi Kariakoo na kwenye kurasa za wauzaji wa mitandaoni, nazo zimeandikwa 48VF, 88VF na hata 388VF. VF si kipimo chochote cha umeme. Geuza chaja yake ndogo ya waya usome upande wa kutoa umeme: ukikuta volti 21, basi betri ina seli 5 zilizofuatana, maana 5 mara 4.2 ni 21, na hiyo ni mashine ya volti 18 hata kama boksi linadai 388. Betri ya volti 36 ya kweli huhitaji chaja inayofika volti 42. Sisemi kwamba mashine hizo hazina kazi. Kwa mtu mwenye kijibustani cha maua mbele ya nyumba zinatosha, mradi amelipa bei ya mashine ya volti 18 nyepesi na si bei ya namba iliyobandikwa.

Ampea-saa nazo hudanganywa, ila hapa mzani husaidia. Seli iitwayo 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, uzito wake haufiki gramu 50 kwa kawaida, na zile bora kabisa hubeba takriban ampea-saa 3.5. Kwa hiyo betri yenye seli 5 za aina hiyo haiwezi kuzidi 3.5, na yenye seli 10 haiwezi kuzidi 7. Kufikia ampea-saa 10 kwa volti 18 kunahitaji seli 10 za aina kubwa zaidi, 21700, ambazo kila moja ina uzito wa karibu gramu 70, na hapo tayari ni gramu 700 kabla ya kuhesabu ganda na saketi. Betri iliyoandikwa ampea-saa 10 huku uzito wake ni nusu kilo si ya kweli, hata muuzaji aape.

Baada ya betri, angalia mota imewekwa wapi. Kwenye mashine nyepesi mota hukaa chini kabisa, juu ya kichwa cha uzi, na mpini ni bomba tupu la kupitisha waya. Mpangilio huo ni rahisi kuutengeneza na hauna giaboksi ya kutia grisi, lakini mara nyingi mashine hiyo haikuundwa kufungwa kisu cha chuma. Kwenye mashine nzito mota hukaa nyuma karibu na betri, shafti ikapita ndani ya bomba hadi kwenye giaboksi ndogo ya kona, kama ilivyo kwenye petroli; hiyo ndiyo inayoweza kubeba kisu, iwapo mtengenezaji ameruhusu na kinga yake imo. Mwenye mabingobingo, vichaka au miche ya miti inayochipua kwenye mpaka wa shamba asihangaike na aina ya kwanza. Uliza pia kama mota ina brashi za kaboni au haina. Isiyo na brashi haipotezi umeme mwingi kama yenye brashi na haina kaboni za kubadilisha, na kwa kuwa tofauti ya bei imepungua sana, sioni sababu ya kununua yenye brashi kwa kazi ya kila wiki.

Uzi wenyewe hupuuzwa, ilhali ndio unaoamua muda wa betri kuliko watu wanavyofikiri. Waliozoea mashine ya petroli ya sentimita za ujazo 43 au 52 wana rola ya uzi wa milimita 3 nyumbani na hutaka kuumalizia kwenye mashine mpya. Uzi mnene husukuma hewa nyingi, mota huelemewa, na dakika 25 hugeuka 15. Kwa mashine ya volti 18 tumia milimita 1.6 hadi 2. Kwa ya volti 36 na kuendelea, 2 hadi 2.4, na ufuate kile kitabu chake kinachoruhusu. Usikate kinga ya plastiki wala usiondoe kile kisu kidogo kinachopunguza urefu wa uzi, jambo ambalo vijana wa bustani hupenda kulifanya ili kufyeka upana mkubwa. Uzi uliozidi urefu huimaliza betri na kuiunguza mota. Nailoni iliyokauka hukatika ovyo, na kuiloweka kwenye maji usiku mmoja hurudisha ulaini wake.

Sasa gharama, ambayo wauzaji huieleza nusu tu. Injini ya sentimita za ujazo 27 ikifanya kazi kweli kweli hutumia karibu nusu lita kwa saa. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 1,500, na juu yake kuna oili ya kuchanganya, mililita 20 kwa kila lita kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1. Mashine ya betri inayokula wati 400 kwa saa nzima, ukihesabu na umeme unaopotea kwenye chaja, itachukua kama nusu uniti ya TANESCO, ambayo kwa shilingi 356 kwa uniti haifiki shilingi 200. Muuzaji huishia hapo. Tuseme betri ya wati-saa 144 imenunuliwa kwa shilingi 300,000 na itachajiwa mara 500 kabla ya kuchoka. Kila chaji moja imekula shilingi 600 za betri yenyewe, na saa moja ya kazi inahitaji chaji karibu tatu. Jumla inarudi karibu na ile ile ya petroli.

Kwa hiyo mwenye kandarasi ya kufyeka kila siku asihame kwa ajili ya kuokoa mafuta peke yake. Atapata nafuu tu kama betri zake ni bora na zitavuka chaji hizo 500. Mwenye nyumba yeye ana hesabu tofauti, kwa sababu betri yake itazeeka kwa umri kabla ya kuzeeka kwa kazi. Anachonunua ni kutovuta kamba ya kuwashia mara kumi na tano, kutokuwa na kabureta iliyoziba baada ya mashine kukaa kiangazi kizima na petroli ya zamani tumboni, na kutowaamsha majirani Jumapili asubuhi. Kwa shule, hospitali na hoteli, ukimya huo unaweza kuwa na thamani kuliko mafuta. Moshi nao ni sababu ya haki, kwani injini ya mipigo miwili hutoa sehemu ya mafuta yake bila kuungua, na jimbo la California limetaka injini ndogo mpya za bustani, kuanzia zile zilizoundwa 2024, zisitoe moshi kabisa. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya watengenezaji wakubwa waelekeze nguvu zao kwenye betri.

Kuhusu kuchaji, linganisha muda wa kuchaji na muda wa kazi. Betri inayokaa dakika 25 kazini na saa moja kwenye chaja inakuhitaji uwe na betri nne na chaja tatu ili usisimame, na fundi wa eneo kubwa lazima alipe gharama hiyo mwanzoni. Umeme unapokatika, chaja inaweza kutumia sola kupitia inveta, lakini chaja ya haraka huvuta wati 200 na zaidi, hivyo kale kainveta ka kuchajia simu hakataiweza.

Ndugu walioko Marekani hupenda kutuletea mashine hizi kama zawadi, na hapo kuna mitego miwili. Chaja nyingi za kule ni za volti 120, na ukiichomeka kwenye volti 230 za hapa itaungua papo hapo. Soma lebo kama inasema 100 hadi 240 kabla ya kuichomeka. Mtego wa pili uko kwenye ndege: betri ya akiba husafiri kwenye mzigo wa mkononi tu, hadi wati-saa 100 bila tatizo, kati ya 100 na 160 kwa ruhusa ya shirika la ndege, na inayozidi 160 abiria haruhusiwi kuibeba. Ryobi na EGO ni mashine nzuri, ila jiulize utaipata wapi betri ya pili miaka minne ijayo. Mimi humshauri mtu aanze na jina ambalo duka lake liko mjini kwake, liwe Makita, Bosch, Total au Ingco, na kama tayari ana drili ya volti 18 ya Makita, betri zake za familia iitwayo LXT zitaingia kwenye mashine ya majani ya familia hiyo hiyo. Zipo hata zinazobeba mbili kwa pamoja kufanya volti 36.

Joto la pwani ni adui wa betri hizi kuliko kazi yenyewe. Betri iliyotoka kufyeka majani marefu huwa ya moto, na chaja nzuri itakataa kuijaza mpaka ipoe. Usiilazimishe, na usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Ikiwa haitatumika kwa miezi kadhaa, iweke mahali penye kivuli ikiwa na chaji ya nusu hivi, isiwe imejaa wala isiwe tupu. Na kwa kuwa mashine haingurumi ikiwa imetulia, chomoa betri kila unapotaka kugusa kichwa cha uzi.

Mwenye shamba mbali na umeme, au mwenye ekari za mabingobingo, abaki na petroli yake, na akimaliza msimu amwage mafuta ya tangini kisha aiache injini iwake hadi ijizime. Wengine wote, mkiwa dukani, ulizeni bei ya betri peke yake kabla ya bei ya mashine. Kama betri hiyo haiuzwi peke yake, hata iwe na volti ngapi, tafuteni duka lingine.