Kabla hujatandika shuka bustanini

Swali ninalokutana nalo langoni kuliko mengine yote ni hili: "Kwani bustani si ya umma? Mbona niombe kibali?" Mara nyingi anayeuliza ana keki mkononi, nyuma yake kijana amebeba hema, na simu inaita kwa sababu wageni wamekwama kwenye msongamano. Huo si wakati wa somo. Acha nijibu hapa, nikitumia Arboretum ya Nairobi, ile bustani ya miti, kama mfano, maana wakazi wengi wa jiji hili wamewahi kufanya mandari pale.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Anayeitisha mkutano wa hadhara anatakiwa kuwaarifu polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Lakini sheria hiyohiyo inayodai taarifa inaiweka kando mikutano ya kijamii, kitamaduni, kidini na ya burudani. Kikao cha chama au sherehe ya mtoto kutimiza mwaka hakimhusu mkuu wa kituo cha polisi. Kibali cha msimamizi wa bustani ni kitu kingine kabisa. Hakiulizi mtazungumza nini. Kinauliza mtakuwa wangapi, mtakaa wapi na mtakuja na nini.

Na tusidharau haki yenyewe. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kupinga jumba la orofa 60 lililopangwa kujengwa Uhuru Park, na mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula kwenye kona ya bustani hiyohiyo. Bila watu kama hao, leo tusingekuwa na mahali pa kubishania kibali.

Basi, nani anahitaji kuandikisha? Familia ya watu sita yenye shuka la Kimaasai na pilau kwenye hotipoti hulipa ada ya kuingia, ikatafuta kivuli, basi. Ukishaongeza hema, viti vya kukodi, jenereta, mpiga picha wa kulipwa au wageni wa kujaza matatu mbili, fika ofisini mapema, usingoje asubuhi ya sherehe.

Sababu ya hesabu hii iko chini ya miguu yenu. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti inayokua haraka, zama ambazo treni za mvuke zilikuwa zikila kuni. Ni kama hekta 30 tu, na zina zaidi ya aina 350 za miti. Wengi hudhani mizizi ya mti huchimbia chini kama kisima. Ile inayoulisha, kwa sehemu kubwa, iko kwenye sentimita 30 za juu, na hutambaa hadi nje ya kivuli cha matawi. Udongo mzuri una vijitundu vya kupitisha maji na hewa. Watu mia wakicheza mahali pamoja baada ya mvua, vijitundu hivyo hufungwa. Ukitaka kuamini, chukua bisibisi uichome penye nyasi nzito, kisha uichome kwenye ule upara ulio chini ya mti ambao kila mtu anaupenda kwa picha. Pa kwanza inazama, pa pili inagonga kama umeichoma barabarani. Mti hauanguki siku hiyo. Huanza kukauka vileleni miaka kadhaa baadaye, na hakuna anayekumbuka keki ya nani ilikatwa pale. Kwa hiyo ukiambiwa hema lisogee mita ishirini, mlinzi hajakuchukia.

Mapambo nayo. Kwenye shina moja la jakaranda niliwahi kung'oa misumari tisa. Mmoja ulikuwa bado na kipande cha utepe wa waridi. Kila tundu ni mlango wa kuvu na wadudu. Tumia kamba laini, na uifungue mkiondoka. Zile chembe zinazometameta za kurusha hewani, na baluni, ziacheni nyumbani, kwa sababu hakuna ufagio unaozitoa nyasini. Jiko la makaa ni hivyohivyo. Jivu la moto likimwagwa kwenye kitako cha mti huua ngozi hai iliyo chini ya gome, na hilo halina dawa. Pika nyumbani, njoo na chakula kimeiva.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Tangu tarehe 5 Juni 2020, vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja havitakiwi katika maeneo ya hifadhi, misitu ikiwemo: chupa za maji za dukani, vikombe, sahani, vijiko, mirija. Vikapu hukaguliwa. Sahani za bati za nyumbani hazijawahi kumletea mtu shida langoni.

Sasa wenyeji. Pale bustanini kuna tumbili, wale wadogo wenye uso mweusi, na kuna kima, wakubwa zaidi na wenye manyoya mazito. Kima hukaa juu ya tawi ametulia kabisa, kama mzee barazani, huku akihesabu hotipoti zenu. Mtoto akigeuka tu, kima ameshuka, amekwapua kipande cha keki na amerudi juu, anakila akiwatazama. Watu hucheka, kisha wanamrushia chapati. Kosa ni hiyo chapati. Mnyama aliyezoea mkono wa binadamu huacha kungoja apewe. Wikendi inayofuata atapora mfuko wa mtu asiyejua lolote, na asipoachiwa atauma. Magonjwa nayo huvuka pande zote mbili, kutoka kwao na kutoka kwetu.

Chagueni mtu mmoja wa kulinda chakula, kwa zamu, na kila chombo kiwe na mfuniko. Kima akikaribia, msimkodolee macho wala msimchekee kwa meno, maana kwake meno ni vita. Akishashika mfuko, mwachieni. Akimuuma au kumkwaruza mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja, hata kama damu ni kidogo. Kichaa cha mbwa hakiji kwa mbwa peke yake.

Kuhusu majirani wa binadamu sina mengi, adabu ni ileile ya nyumbani. Ukifika karibu na kundi jingine, wasalimu, uulize kama mkikaa hapo mtawasumbua. Kumtuma mtu saa moja asubuhi atandike leso kumi na mbili kisha aende zake si kuhifadhi nafasi, ni kuwanyima wengine kivuli. Spika ndogo haina neno, ila kwa kipimo changu jirani aliye hatua kumi akisikia maneno ya wimbo wenu, punguzeni. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu mwaka 2009, ingawa ni aibu jambo kama hili lifike kwenye kanuni. Na kabla ya kurusha video mtandaoni, tazama nyuma ya mwenye sherehe: watoto wa watu wasionekane bila wazazi wao kujua.

Mkimaliza, pipa likiwa limejaa msiache mfuko kando yake. Kabla hamjafika langoni, kima atakuwa ameshaufungua. Ubebeni hadi nyumbani.